Vyuo Vikuu Vinne kwenye Sakafu ya Sabuni

Juzi nilikwenda Rumonge, kwetu kando ya ziwa, kumsalimia mama. Pale kwenye kona ya soko nikamwona kijana anasukuma baiskeli yenye bidoni nne, madumu ya mafuta ya mawese. Jua kali, lami inanata, na yeye kavaa jezi nene ya mikono mirefu, mabega yamemzidi, mgongoni namba kumi na saba. Wallahi nilipiga kelele mle garini mpaka dereva akashika breki. "Iko nini, mama? Umesahau kitu?" Nikamwambia sijasahau, nimekumbuka, na abiria wakaangua kicheko. Wacheke tu. Nyinyi wa rika langu mliokulia ufuko ule mtanielewa, maana kuna vitu ukiviona mwili unatangulia, akili inafuata baadaye. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye sakafu ya Mama Chausiku, nina miaka kumi na mmoja, kitabu kwapani, miguu inawasha kwa sabuni, na mimi ndiye serikali.

Nianzie kwenye balo. Mama yetu alikuwa anauza nguo za chagua, mitumba, sokoni, na anayeijua kazi hiyo anajua kwamba balo halifunguliwi hivi hivi. Unalipata limefungwa, hujui lina nini, na siku ya kukata kamba majirani wote wanakuja kusimama kama wako arusini. Siku ile mama alisema bismillahi, akakata, balo likatema majezi. Si mashati, si suruali za watoto, si magauni aliyokuwa akiyaota. Majezi mazito ya rangi ya damu ya mzee na nyeupe, kila moja la kumtosha mtu na mwanawe. Mama akakaa chini. "Yarabi! Nani atavaa hii kitu hapa Rumonge? Watu watachemka kama viazi!" Majirani wakamsaidia kusikitika, kisha wakaenda zao. Baadaye wavuvi ndio waliomwokoa, maana ziwani usiku kuna baridi ya kuingia mifupani, lakini siku ile hakuna aliyeliwaza hilo.

Chini kabisa ya balo kulikuwa na kitabu chembamba cha karatasi za kung'aa. Mama alitaka kumpa muuza karanga akafungie. Nilikishika kwa mikono miwili nikakimbia nacho nyuma ya nyumba.

Kiliandikwa Kifaransa, na Kifaransa changu siku hizo kilikuwa cha kuruka: naelewa neno moja, naruka mawili, nakanyaga la nne. Picha zilinisaidia. Kilikuwa kinaeleza habari za hoki ya barafu ya wanaume wa vyuo vikuu huko Kanada, ilivyoanza na inavyopangwa. Mwanzo, kilisema, wanafunzi walichezea nje, juu ya mito na maziwa, maana wakati wa baridi maji yanashikana yanakuwa magumu. Hapo nilisoma mara tano. Kila chuo kilikuwa na sheria zake, huku wanaingia watu tisa, kule saba, na mechi zinaanza kwa ugomvi. Mpaka wakakaa pamoja, wakaandika sheria moja: watu sita kila upande, kipa akiwemo. Wakagawana nchi, vyuo vya mashariki vikachuana vyenyewe, vya magharibi vyenyewe, kisha washindi wakutane kugombea kombe.

Nikamkimbilia mama nikamwambia kuna nchi ambako ziwa linashikana, watu wanatembea juu yake. Alikuwa anatundika majezi kwenye kamba.

"Ziwa linashikana?"

"Ndiyo, mama. Linakuwa barafu."

Akafikiri kidogo, pini mdomoni. "Na ndagala wanaenda wapi?"

Nilikasirika, maana kitabu kizima hakikusema lolote juu ya ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Sasa, katikati ya kitabu kulikuwa na kurasa za orodha. Majina ya watu, yamepangwa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, mbele ya kila jina namba, na namba ya mwisho kabisa ilikuwa ya pointi. Nyinyi mliosoma kwetu, niambieni, orodha kama hiyo ni ya nini? Ni proklamasiyo! Ni ile siku ya kufunga mwaka, wazazi wamejaa uwanjani, direkta, mkuu wa shule, anasoma majina kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa thelathini na nne, na wewe unaomba ardhi ipasuke ikumeze. Na kurasa mbili mbele kulikuwa na picha ya vijana walewale, wamevaa joho jeusi na kofia bapa, kila mmoja na fimbo yake ya kuchezea mkononi, wanacheka. Nikaunganisha mwenyewe. Huko Kanada mtu aliyekosa pointi shuleni hafukuzwi. Anapewa fimbo, anaingizwa kwenye barafu, akifunga bao anaandikiwa pointi, akimpa mwenzake pasi ya bao anaandikiwa pointi, na zikitosha anavishwa joho. Nikaona hiyo ni nchi yenye huruma sana.

Na nilikuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo. Kaka yangu Idi alikuwa na miaka kumi na mitano. Alikuwa amefanya konkuri ya mwaka wa sita, ule mtihani wa kwenda sekondari, mara mbili, na mara ya pili alikosa kwa pointi nane. Nane tu, jamani! Kurudia mara ya tatu alikataa katakata, kwa sababu mwaka ule mimi pia nilikuwa nimeingia mwaka wa sita, na shule yetu ilikuwa na darasa moja tu la sita. "Nikae na huyu? Huyu niliyekuwa namfuta kamasi?" Mama akabembeleza, akachoka. Idi akaenda kufanya kazi kwa jirani yetu, Mama Chausiku, mpika sabuni ya mawese, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa. Alikuwa anamkorogea pipa asubuhi na kumkatia miche mchana, na shule hakutaka hata itajwe.

Nilimkuta anakata sabuni kwa waya. Nikamweleza yote, orodha, pointi, joho. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Umesoma vizuri?"

"Nimesoma."

"Zaina. Umesoma vizuri?"

"Haki ya Mungu."

Akakata mche mwingine, ukatoka umepinda. "Na ninadaiwa ngapi?"

"Zilezile nane."

Akanifukuza, akasema nina wazimu. Lakini jioni hiyohiyo ndiye aliyeuliza tutachezea wapi.

Barafu Rumonge ilikuwa ya kuwekea samaki, vipande vya kukandamizia sangala kwenye sanduku, ukikanyaga kimoja kinakimbia na wewe unabaki. Sakafu ya Mama Chausiku ndiyo iliyotuokoa. Ilikuwa sakafu ya saruji, pana, laini kama sahani, na kila Jumamosi alasiri ilikuwa inaoshwa, maana wiki nzima sabuni inamwagika humo. Ukimwaga maji juu ya ile sabuni, mtu mzima hasimami. Mama Chausiku alitukubalia kwa masharti yake. "Munamwaga maji mara tatu kwanza, ile soda kali ya sabuni itoke, isiwachome miguu. Kisha munateleza. Kisha munasugua mpaka nijione uso. Musiposugua, sitaki kuona mutoto hapa!"

Fimbo tulikata kwenye michikichi. Kuti la mchikichi ukilikata chini kabisa, pale linaposhikana na shina, lina kisigino kipana kilichopinda, na ukilichonga kidogo unapata fimbo ileile ya kwenye picha, haipungui wala haizidi. Kisahani cha kupiga tulikikata kwenye soli ya kandambili. Magoli yalikuwa makreti ya soda yaliyolazwa. Na majezi? Mama aliyatoa mwenyewe! Alisema afadhali yavaliwe watu wayaone, huenda mmoja akaingia tamaa. Basi watoto wakavaa majezi yaliyowafika magotini, mikono imekunjwa mara nne, jasho linatiririka, na hakuna aliyekubali kuvua.

Habari ilienea haraka kuliko tulivyotaka. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na vyuo vikuu vinne. Chuo Kikuu cha Sokoni, ambacho ni sisi. Chuo Kikuu cha Bandarini, watoto wa wavuvi. Hao wakawa magharibi, upande wa ziwa. Mashariki kulikuwa na Chuo Kikuu cha Barabara Kuu, na Chuo Kikuu cha Kizuka, ambao walikuwa wanateremka kwa baiskeli za kubebea mawese, wawili wawili, fimbo zimefungwa kwa kamba za migomba. Kapteni wao alikuwa Nesto, kijana mdogo wa umbo, mwenye pengo, aliyezaliwa katikati ya michikichi. Fimbo zao zilikuwa nzuri kuliko zetu, na walijua hivyo.

Mimi kucheza sikucheza. Kitabu kilisema wanaume, na wavulana walinionyesha neno lenyewe kwa kidole, kila mmoja kwa kidole chake. Niliumia, sisemi uongo. Nikawaambia sawa, wanaume wateleze, lakini kitabu kiko kwa nani? Wakatazamana. Hapo ndipo nikawa serikali. Nilikuwa na daftari la mabao na pasi, jina kwa jina, na nilikuwa na firimbi. Kapteni yeyote akiona haki haitendeki alikuwa na ruhusa ya kunyoosha mkono na kusema "Soma kitabu!", nami nasoma, na nilichosoma hakipingwi. Anayecheza rafu anakwenda kukaa kwenye beseni na kuhesabu kwa Kifaransa kwa sauti mpaka mia na ishirini, ndizo dakika zake mbili. Kuna kijana wa Bandarini alikuwa anapotea kila akifika septanti, yaani sabini, anaanza upya, akakaa beseni kipindi kizima akilia kwa hasira.

Jamani, raha ile! Nitaisemaje? Mtu anakuja anakimbia kwenye vumbi, anafika ukingo wa sakafu, anaruka, na ghafla hakimbii tena, anakwenda tu, peke yake, miguu imesimama na dunia inapita. Anapiga kelele bila kujua anapiga. Kisha anakumbuka kwamba hajui kusimama. Walikuwa wanagongana, wanaanguka mafungu, wanainuka na povu masikioni, na watu wa soko wamejipanga ukutani wanashangilia timu ambazo wiki moja kabla hazikuwepo duniani. Mama Chausiku alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko kila bao, la nani hajali.

Na Idi! Idi alikuwa ameishi kwenye sakafu ile. Wengine walikuwa wanapigana nayo, yeye alikuwa anaijua, anajua pale panapoteremka kidogo kuelekea mfereji, anajua mahali sabuni imeshika nene. Alikuwa anainamia upande mmoja, fimbo chini, anazunguka kipa kama mtu anayezunguka meza kwake. Kila alipofunga alikuwa hashangilii. Alikuwa ananitazama mimi, na mimi nanyanyua daftari naandika, naye anaitikia kwa kichwa mara moja. Wenzake walidhani ni mbwembwe. Mimi nilijua anahesabu.

Siku tuliyowatoa Bandarini, daftari lilisoma Idi pointi kumi na moja. Alidaiwa nane, ana kumi na moja! Fainali ilikuwa Jumamosi, sisi na Kizuka, lakini mimi sikuona haja ya kungoja. Alhamisi baada ya masomo nilivaa gauni langu la shule lililopigwa pasi, nikachukua daftari na kitabu, nikabisha hodi kwa direkta.

Direkta wetu alikuwa mtu wa maneno machache, na miwani aliyokuwa akiifuta kila anapotafuta la kusema. Nilimwekea daftari mezani. Nikamwambia nimeleta pointi za kaka yangu, zimetimia na tatu zimezidi, naomba amwandikie barua aende sekondari.

Alifuta miwani. "Pointi za nini, Zaina?"

"Za barafu."

Akanyoosha mkono, nikampa kitabu. Akasoma, yeye harukiruki, anasoma kweli. Alifungua zile kurasa za orodha, akaziangalia, akanitazama, na nikaona ameelewa nilichofanya. Hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Mutoto wangu, hizi pointi iko za mabao. Mabao tu. Shule hawazitazami." Akafungua ukurasa mwingine ambao mimi nilikuwa nimeuruka, maana haukuwa na picha. "Wameandika hapa. Muchezaji lazima awe ameandikishwa masomo, ayafuate, afaulu. Asiyesoma, hachezi. Wengine wa hao vijana walikuwa wamecheza timu zingine mbali huko, wakakaa miaka bila shule, wakarudi chuoni wakubwa. Wamewapokea. Lakini kwanza wanakaa kwenye banki, dawati la darasani, kisha wanaingia kwenye barafu. Wewe umesoma kinyume."

Sikufikiria hata sekondari. Nilifikiria Jumamosi. Kwa kitabu changu mwenyewe, Idi hakuwa na ruhusa ya kucheza fainali, wala hakuwahi kuwa nayo.

"Banki yako munakaa wangapi?" direkta akauliza.

"Wawili."

"Wengine wote wanakaa watatu. Mwambie aje kesho."

Nilimwambia Idi mbele ya mama, kwa sababu peke yangu niliogopa. Nilisema haraka haraka, macho chini. Alipoelewa alisimama, akakosa pa kwenda, akakaa tena.

"Kwa hiyo pointi zangu si kitu."

"Ni za mabao."

"Miezi yote hii nateleza kama mjinga, nahesabu..." Akanigeukia. "Si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Nesto atasema soma kitabu," nikasema, na hapo nikaanza kulia, kilio kibaya cha kwikwi, maana mimi ndiye niliyemwingiza ndani ya jambo hili kwa mikono yangu miwili, na nilimpenda kuliko watu wote, na nilikuwa nimemdanganya bila kujua.

Mama aliinuka, akaenda kwenye fungu la nguo zake, akapekua mpaka chini. Akarudi na shati la mtu mzima, la kaki kama sare ya shule. Akalipima mgongoni kwa Idi. "Simama sawa," akasema. Idi akasimama sawa. Mama akatia uzi kwenye sindano.

Ijumaa alikuja. Njia nzima alitembea hatua kumi mbele yangu. Alipoingia darasani na lile shati, na ule mwili wa kukoroga pipa, darasa lilicheka mpaka mwalimu akapiga meza kwa rula. Wengine walimwita mwalimu mpya. Akaja kwenye banki yangu, ya mbele kabisa, akakaa upande upande kwa sababu magoti hayakuingia chini. Siku nzima alitazama ubao. Sikuthubutu hata kumuazima kifutio. Kengele ilipolia alikuwa wa kwanza kutoka.

Jumamosi ukuta wa Mama Chausiku haukuonekana kwa watu. Kizuka waliteremka na baiskeli saba na ngoma moja. Maji mara tatu, sabuni, timu zikajipanga. Nikaweka firimbi mdomoni, na Nesto akanyoosha mkono.

"Soma kitabu!"

"Nisome wapi?"

Akamwonyesha Idi kwa fimbo. "Huyu iko mutu mukubwa. Anafanya kazi hapa, kila mutu anajua. Hizi si vyuo vikuu? Basi kitabu kinasema nini, mutu asiyesoma anacheza?"

Nilikuwa nimeuwekea ukurasa ule unyasi, nikaufungua, nikasoma kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili: asiyesoma, hachezi.

"Mumesikia!" Nesto akasema. "Atoke."

Nikamtazama Idi. Angeweza kutupa fimbo na kwenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu, povu vidoleni, soko lote linamtazama, na wale wavulana wa Bandarini aliowafunga mabao, ambao hakuna hata mmoja aliyejua jana yake alikuwa wapi.

"Mimi nasoma," akasema. "Niko mwaka wa sita."

"Wa sita wapi? Na hiyo ndevu?"

"Wa sita, hapo shuleni. Kwa mara ya tatu. Banki ya mbele." Akanielekeza kidole. "Nakaa na huyu. Dada yangu mudogo. Muulize."

Nesto akanigeukia. Niliitikia kwa kichwa, kwa nguvu mpaka shingo ikauma. Nikangoja kicheko. Nesto alimtazama Idi kutoka miguuni mpaka kichwani, akajikuna pengo kwa ulimi.

"Konkuri ulikosa kwa ngapi?"

"Nane."

"Yampayinka! Mimi kumi na mbili," Nesto akasema. "Na mwaka huu narudia tena." Akarudi mahali pake, akainama, fimbo chini. "Haya, piga firimbi. Tunacheza."

Nikapiga! Nilipiga mpaka pumzi ikaisha. Na walicheza, jamani, walicheza mechi ambayo sijaona nyingine kama hiyo kwenye televisheni wala kwenye uwanja. Idi alifunga mawili kabla Kizuka hawajashika miguu yao. Nesto akarudisha moja kwa kupitisha kisahani katikati ya miguu ya kipa wetu, kisha la pili kwa kuanguka nacho golini, yeye, kisahani, kreti na yote. Mama Chausiku alitoboa sufuria. Mama yangu, mwanamke wa heshima zake, alikuwa amepanda juu ya pipa, kanga imemdondoka begani, anapiga kelele, "Idi, kushoto! Kushoto!" wala hakuna aliyejua kushoto kulikuwa na nini. Mwishoni kabisa Idi alikwenda peke yake, akainamia upande wake, akamzunguka kipa, na fimbo ikakatika. Kuti lilikatika pale pale kwenye kisigino. Kisahani kikabaki kinazunguka chenyewe, Nesto akakifagia, akateleza nacho sakafu nzima kifudifudi, akafunga. Tatu kwa mbili. Kizuka walichukua mche mzima wa sabuni, ndilo lililokuwa kombe, wakaondoka nao juu ya baiskeli ya mbele wakiimba.

Tulisugua sakafu. Idi alisugua na sisi. Alipomaliza alivua jezi, akaikamua, akampelekea mama. "Iuze," akasema. "Imekwisha."

Nilisikia neno hilo na nikajua maana yake. Alikwenda shule ili acheze, na sasa hakukuwa na kitu cha kucheza. Jumapili yote nilimzunguka kama nzi, nikamletea maji, nikamletea chai, sikupata ujasiri wa kuuliza. Jumatatu nilipoamka mkeka wake ulikuwa umekunjwa. Nilipopita kwa Mama Chausiku nilisikia pipa linakorogwa, mwiko mkubwa unagonga ubavuni kwa mwendo ule wake ninaoufahamu, na sikutazama ndani. Nilikwenda shule peke yangu. Nikakaa pembeni ya banki, mahali pangu pa zamani, kisha nikaona siwezi, nikasogea katikati ili nafasi isionekane.

Mwalimu akaanza kuita majina. Alipofika kwa Idi aliita mara moja, akatazama banki yangu. Akaita mara ya pili. Nilisikia kijana nyuma yangu anaanza kucheka chini chini. Mwalimu akaishusha kalamu kwenye daftari lake.

"Present!"

Alikuwa mlangoni, anahema, shati la kaki limefungwa vifungo kombo, mikono imekauka soda nyeupe mpaka viwikoni. Alikuwa amemaliza pipa la asubuhi kwanza. Akapita mbele ya darasa lote, akafika kwenye banki yetu, akanisukuma kwa goti.

"Sogea."